Mwongozo wa OMS juu ya stresi: mzuri kwa mwenye dhoruba, mfupi kwa mwenye kupotea



Mnanijua kama mtu wa mihogo na mahindi, leo nitatoka kidogo shambani. Kuna kitabu kidogo cha picha ambacho kimezunguka sana kwenye telefoni za wanafunzi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (OMS) juu ya stresi, uliotoka mwaka 2020. Jina lake, nikilitafsiri, ni “Kufanya yenye maana wakati wa stresi”. Ni wa bure, umejaa michoro, na una mazoezi ya kusikiliza kwa sauti. Wengi wenu mliutumiwa, mkafungua kurasa mbili, mkaacha. Mimi nimeusoma wote mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa tayari katika terapia ya kiwewe, kichwa kikiniuma karibu kila wiki. Basi ninauchambua kama mtu anayeutumia.

Hoja yangu naiweka mbele, ili mwenye megabaiti kidogo asome hapa tu. Mwongozo ni mzuri, ila uliandikwa zaidi kwa mtu ambaye moyo unamwenda mbio. Mtu ambaye akili inazimika, yule tunayesema kwetu “amepotea”, utamsaidia akigeuza mpangilio wa mazoezi. Na maumivu ya kichwa njo yanaweza kumwonyesha lini ageuze.

Kitabu chenyewe

Kina sehemu tano. Ya kwanza ni kujishikiza: namna ya kubaki imara dhoruba ya hisia inapokuja. Ya pili ni kujinasua: mawazo mabaya yanaelezwa kama ndoano, na unajifunza kuyatambua, kuyapa jina, kisha kurudi kwenye kazi uliyokuwa unafanya. Ya tatu ni kutenda kulingana na mambo unayoyathamini. Ya nne ni kujitendea kwa wema. Ya tano ni kuyapa nafasi mawazo na hisia ngumu, yaani kuyaacha yapite kama hali ya hewa inavyopita angani, badala ya kupigana nayo kila saa.

Haikuwa kazi ya mezani tu. Kozi ambayo mwongozo huu ni sehemu yake ilijaribiwa Uganda, katika kambi ya Rhino, kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini. Wanawake 694 walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Vikao vilikuwa vitano, kila kimoja kama saa mbili, kwa makundi. Walioviongoza hawakuwa wanasaikolojia, walikuwa watu waliopewa mafunzo mafupi, na sehemu kubwa ya maelezo ilitoka kwenye sauti iliyorekodiwa. Miezi mitatu baadaye, mateso ya moyo ya wale waliofuata kozi yalikuwa yamepungua kuliko ya wale ambao hawakuifuata. Sisi watu wa majaribio ya shamba tunaelewa maana yake: kulikuwa na kitalu cha kulinganisha. Hiki si kitabu cha mtu aliyeamka asubuhi na kuanza kutoa mashauri.

Kichwa njo lugha yetu

Jambo la kwanza ninalousifu ni kwamba kurasa za mwanzo zinataja maumivu ya kichwa kati ya dalili za stresi, pamoja na shingo, mabega, mgongo na tumbo. Ni jambo dogo, lakini huku kwetu lina uzito. Mtu wa Manono aliyeona mambo hasemi “nina kiwewe”. Anasema: “kichwa iko inaniuma”. Anaenda kutafuta kinini, anakunywa, anarudi kulala.

Na watu wa hapa wameona mambo. Wazazi wetu walipitia vita iliyoanza 1998, mji ukabaki magofu. Halafu eneo la Manono, Mitwaba na Pweto likaitwa pembetatu ya kifo, wakati wa Mai-Mai wa Gédéon, mpaka yeye alipojisalimisha mwaka 2006. Halafu mgogoro wa Watwa na Waluba, ambao uliwaka hasa 2016 na 2017: vijiji vilichomwa, familia zikakimbilia kambini. Mwezi wa kumi 2017, Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini, kwenye ngazi ya juu kabisa ya dharura. Mtu wa umri wangu, ambaye hajafika miaka 30, amepitia vipindi vyote vitatu. Yale niliyoyaona mimi sitayaandika hapa. Kuyasoma hakutamsaidia mtu, na wengi wenu mna ya kwenu.

Kwa hiyo kitabu kinachomwambia kijana kwamba kichwa kinaweza kuuma kwa sababu ya mambo aliyoyabeba, na kwamba yeye si mvivu wala hajalogwa, kimeshafanya kazi.

Kupotea ni nini?

Unakaa oditwari, profesa anaongea juu ya naitrojeni, halafu unashtuka: ubao umejaa na hukumbuki kuona mkono wake ukiandika. Au unaongea na watu lakini sauti yako unaisikia kama inatoka nyumba ya jirani. Mikono unaiona si yako. Wataalamu wanaita disosiasio. Mfaransa Pierre Janet alishaiandikia kitabu mwaka 1889, kwa hiyo si ugonjwa wa juzi. Kila mtu hupotea kidogo akiwa kwenye barabara ndefu. Ninachosema hapa ni kupotea kunakokuja bila kuitwa, na kunakokukata na masomo, kazi na watu wako.

Mwaka 2010 Maggie Schauer na Thomas Elbert, wa Chuo Kikuu cha Konstanz huko Ujerumani, walieleza jambo ambalo lilinifungua macho. Hawa si wageni wa ukanda wetu: terapia waliyoijenga pamoja na Frank Neuner, ile ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio, imetumika kwa wakimbizi Uganda na kwa wapiganaji wa zamani huko Goma. Wanaeleza kwamba mbele ya hatari mwili unapita ngazi. Kwanza unaganda ili usikilize. Kisha unajitayarisha kukimbia au kupigana: moyo mbio, misuli imekaza. Njia zote zikifungwa, mwili unabadilisha mkakati, unaanza kuzimika. Moyo unapunguza kasi, shinikizo la damu linashuka, misuli inalegea, sauti zinaenda mbali, maumivu hayasikiki vizuri. Na mtu aliyefikishwa kwenye ngazi hiyo siku ya tukio anaweza kurudishwa pale pale kila anapokumbuka, hata kama amekaa salama kwenye kiti.

Kichwa kinaingia wapi sasa? Maumivu ya kichwa ni kati ya malalamiko yanayosikika mara nyingi kwa watu wenye kiwewe na kwa watu wenye kupotea. Sababu si moja: misuli ya shingo, mabega na taya iliyokaza muda mrefu, usingizi mbovu, kulia, kusahau kula na kunywa maji, juu mwili ulikuwa hausikiki. Kwangu mimi kinaanza nyuma ya shingo, na kinakuja wakati wa kurudi. Kwenye zile dakika za kupotea sisikii kitu. Nikirudi, njo napokea deni lote mara moja.

Dhoruba na kimya

Hapa njo naanza kubishana na mwongozo. Picha yake kubwa ya sehemu ya kwanza ni dhoruba. Zoezi linaenda hivi: tambua unavyojisikia na unavyowaza; punguza mwendo, toa pumzi polepole, kanyaga sakafu kwa nguvu, nyoosha mikono au ibane pamoja; kisha rudisha akili kwenye dunia inayokuzunguka: unaona nini, unasikia nini, unagusa nini. Mwongozo unasema kwa uaminifu kwamba zoezi halifukuzi dhoruba. Linakusaidia usimame mpaka ipite.

Kwa mtu wa dhoruba, sawa kabisa. Lakini mtu aliyepotea hana dhoruba. Ana kimya. Ukimwambia atambue anavyojisikia, atajibu “sisikii kitu”, na anasema kweli. Ukimwambia apunguze mwendo, mwendo wake umeshapungua kupita kiasi. Schauer na Elbert wanaonyesha kwamba mtu anayezimika anahitaji kuamshwa: akaze misuli ya miguu na mikono, asimame, ashike kitu cha baridi, anuse kitu chenye harufu, akumbushwe mahali alipo na tarehe ya leo. Kumtuliza mtu wa namna hiyo ni kama kumwagilia kitalu ambacho maji yameshatuama. Maji si mabaya. Udongo njo haukupimwa.

Kwa haki lazima niseme: vitu vya kuamsha vimo ndani ya zoezi lile lile. Kukanyaga, kubana mikono, kutazama, kugusa. Shida yangu ni mpangilio, kwamba unaanza ndani na kumalizia nje. Mimi nimeugeuza. Naanza na macho: nataja vitu vitano, kwa sauti kama niko peke yangu. Dirisha, ndoo, jembe, shati la bluu, mbuzi wa jirani. Halafu miguu: nakanyaga chini kwa nguvu, nakaza mapaja, naachia, mara tano. Halafu mikono kwenye maji ya baridi au kwenye ukuta. Halafu nasema tarehe na jina la mtaa. Pumzi inakuja mwisho, macho wazi.

Nikifuata mpangilio wa kitabu na macho yamefumbwa, baada ya dakika chache sipo tena, na nikirudi, kichwa kinanisubiri. Nikiugeuza, narudi haraka zaidi, na kichwa kinakuja kidogo tu. Siku zingine hakiji. Huu ni ushuhuda wa kitalu kimoja bila marudio, msiuchukue kama utafiti. Lakini unakubaliana na yale ambayo wataalamu wa kupotea wanasema, na mwongozo wenye kusomwa na watu wa vita ungefaa uyataje.

Kuyapa maumivu nafasi

Sehemu ya tano inakuomba uyaangalie maumivu kwa udadisi: yako wapi mwilini, yana ukubwa gani, umbo gani, ni ya moto au ya baridi, kisha uyapumulie kwa utulivu, uyaachie nafasi. Kwa kichwa cha misuli iliyokaza, zoezi hili lina akili. Mtu anayepigana na kichwa chake anakunja uso, anakaza shingo, na kichwa kinazidi. Sehemu ya nne nayo inakufundisha kuweka mkono kwa upole pale panapouma. Bamama zetu wanafanyaka hivyo tangu zamani, hata kabla OMS haijazaliwa, na kuona jambo hilo kwenye kitabu cha dunia nzima kumenifurahisha.

Ila kwa mtu wa kupotea, kuingia ndani ya maumivu ni mlango ule ule anaotokea. Anaangalia maumivu, maumivu yanageuka ukungu, ukungu unamchukua. Hapa ningependa mstari mmoja wenye herufi kubwa: ukianza kuona mbali, au kusikia sauti kama ziko ndani ya maji, acha zoezi, fungua macho, simama. Kwangu dakika moja ya sehemu ya tano inatosha, na siigusi kabla sijafanya sehemu ya kwanza.

Si kila kichwa ni cha moyo

Lawama yangu ya tatu: kichwa kimewekwa kwenye orodha ya dalili kisha kimeachwa pale. Kwa msomaji wa Geneva pengine inatosha. Kwa msomaji wa Manono, haitoshi. Hapa kichwa pamoja na homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, kile cha tone la damu kwenye kidole. Shingo ngumu pamoja na homa, kichwa cha ghafla, kibaya kuliko vyote ulivyowahi kusikia, kichwa baada ya kuanguka au kupigwa, kutapika kusikoisha, degedege, mkono au mguu kulegea, macho kuona vibaya, kichwa kikali kwa mama mjamzito: hayo yote hayangojei zoezi la pumzi. Ni kituo cha afya, siku hiyo hiyo. Hata kichwa cha kawaida kinachorudi rudi kinastahili kupimwa presha na macho. Baada ya hapo njo tuongee juu ya kiwewe.

Halafu kuna vinini. Wanafunzi wengi wananunua parasetamoli kibandani kama vile wananunua karanga. Madaktari wa maumivu ya kichwa wanakubaliana kwamba mtu mwenye kichwa cha mara kwa mara, akinywa dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kumletea kichwa. Kwa tramadoli na jamaa zake, na kwa vinini vya mchanganyiko, mpaka ni siku 10. Tramadoli tena inaleta utegemezi, na inamsinziza mtu ambaye tayari yuko nusu hayupo.

Kwa mtu wa kupotea kuna hatari ambayo sijaona ikitajwa sana: anasahau kama alishakunywa. Anakunywa saa nne, anapotea, anarudi saa sita, kichwa kinauma, anakunywa tena. Mtu mzima asipite gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vinini vinane vya miligramu 500. Zaidi ya hapo ini linaweza kuharibika bila kelele. Dawa rahisi ni bik na karatasi: andika saa kabla ya kumeza.

Kusoma peke yako usiku

Lawama ya nne si ya kitabu tu, ni yetu pia. Kule Rhino wanawake walikaa pamoja. Mtu akianza kuzama, kulikuwa na jirani wa kumgusa bega. Sisi tunausoma peke yetu, saa tano usiku, umeme hakuna, betri asilimia kumi. Tumechukua nusu ya dawa.

Na nusu iliyobaki inawezekana kwetu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Judith Bass na wenzake, uliofanywa Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, kwa wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipata terapia ya vikao 12, karibu vyote kwa kundi; vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya matibabu, kwenye vijiji vya terapia ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili kali za dipresio au wasiwasi. Kwenye vijiji vingine, asilimia 42. Walioongoza walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia Wakongomani. Washiriki wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa ili washike kwa kichwa. Na usalama haukuwa umerudi kabisa. Mtu asituambie tena kwamba terapia ni mambo ya Ulaya, au kwamba tungoje kwanza amani ikamilike.

Lakini mwongozo wa OMS si terapia ile. Haukuombi usimulie tukio, na ni vizuri. Anayetaka kufungua mambo ya vita afungue mbele ya mtu aliyefundishwa, si kwenye kundi la WhatsApp.

Kichwa baada ya kikao

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linawafukuza watu wengi kwenye terapia. Unaenda kikao, unaongea, unatoka, na jioni kichwa kinapasuka. Mama yangu aliniona nalala mchana baada ya kila kikao, akaniambia: “Mwanangu, ile mambo unaendaka kuongea kule njo inakuleteaka kichwa. Achaka.” Rafiki mmoja wa fakulte akasema kinyume: “Kama inauma, ni kusema inatoka. Sukuma tu.”

Wote wawili walikisoma kichwa kama hukumu. Mmoja kasema terapia ni mbaya, mwingine kasema terapia inafanya kazi. Mimi ninakisoma kama kipimo cha mwendo. Judith Herman, daktari wa Marekani, katika kitabu chake cha 1992 juu ya kiwewe, aliweka hatua tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu. Kichwa kikija baada ya kila kikao na kukaa siku mbili, pengine tumeenda hatua ya pili huku ya kwanza haijakauka.

Nilimletea msaidizi wangu kaye. Mtu wa agronomia anaandika kila kitu, na mimi nilikuwa nimeandika kwa wiki saba: tarehe, saa kichwa kilipoanza, kama nilikula, kama nilikunywa maji, nililala saa ngapi, kama nilipotea, vinini vingapi. Tuliangalia pamoja. Vichwa vibaya zaidi vilifuata vikao ambavyo tuliongea juu ya tukio mpaka dakika ya mwisho. Basi tukabadilisha. Dakika 15 za mwisho haturudi kwenye tukio. Tunaongea mvua, bei ya unga, mechi ya Mazembe. Nakunywa maji. Nazunguka kiwanja mara mbili kabla ya kupanda kinga kurudi nyumbani. Na tuna ishara: nikiinua kidole, tunasimama papo hapo, bila maelezo. Siku ya kikao siweki mtihani wala safari, na Mama, ambaye bado hapendi ile mambo, ananiwekea bukari ya moto.

Kichwa hakijaisha, sitawadanganya. Kimetoka siku mbili mpaka jioni moja. Na sijaacha terapia. Kwangu hayo mawili yanatosha kuandikia makala haya.

Alama zangu

Tukihesabu kama chuoni, mwongozo nauwekea 14 kwa 20. Nauongezea kwa kuwa wa bure, kwa lugha nyepesi, kwa kumtaja mwili, kwa kupimwa kwenye kambi ya wakimbizi wa ukanda wetu. Naupunguzia kwa kumsahau mtu wa kimya, kwa kuanza ndani kabla ya nje, kwa kutotenganisha kichwa cha stresi na kichwa cha malaria. Kasoro hizi hazihitaji kitabu kipya. Karatasi moja ya ziada ingetosha, na ingeweza kuandikwa Kalemie, kwa Kiswahili chetu na kwa Kiluba.

Pendekezo langu kwa asosiasio ni dogo. Tusome sehemu ya kwanza tu, watu wanane au kumi, mchana, mahali penye hewa, pamoja na mtu wa afya mmoja. Macho wazi. Hakuna kusimulia matukio. Anayetaka kutoka nje, atoke bila kuulizwa. Tukimaliza, tule pamoja.

Na kabla ya hapo, wewe unayesoma hivi, kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye kichwa kinamuuma kila mara na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usimpe kinini kingine kwanza. Mpe maji, kaa karibu naye, umuulize: kilianza saa ngapi? Na kabla ya hapo, ulikuwa wapi?